Laini ya Fundi Asiye na Vidole

Mashine ilisema fundi hana vidole.

Haikusema kwa ukali. Iliwasha taa nyekundu, ikalia mlio mmoja kama kifaranga aliyekanyagwa, na kwenye kioo cha kompyuta yakatokea maandishi: HAKUNA ALAMA. JARIBU TENA.

Fundi Msasa akajaribu tena.

Hakuna alama.

"Kausha mkono," akasema dada wa kaunta.

Akaukausha kwenye suruali.

"Sasa bonyeza. Usibonyeze kama unaua kunguni. Weka tu."

Akaweka tu. Hakuna alama.

Hapo ndipo mlipomwacha wiki iliyopita, mikono yote miwili juu ya kaunta ya duka la simu kama mtu aliyekamatwa. Kwa yule ambaye gazeti lake lilifungiwa sabuni kabla hajalisoma, habari yenyewe ni fupi. Fundi Msasa yuko nchi ya watu kwa kazi ya kusaga sakafu za terazo kwenye jengo jipya. Laini aliyotoka nayo nyumbani ilikata roho mpakani na haikufufuka. Akaazima simu ya mpishi wa kambi, akapiga nyumbani, mkewe hakupokea, maana mkewe hapokei namba asizozijua. Jioni mkewe akapiga namba ile ile kutaka kujua ni nani. Fundi alikuwa bafuni. Mpishi akapokea, na kwa roho yake safi akasema:

"Yuko anaoga. Subiri atoke."

Mpishi huyo ana umri wa bibi na sauti ya bibi harusi.

Mkewe hakusubiri atoke. Alituma ujumbe mmoja kwenye simu ya mpishi, na fundi aliusoma na povu kichwani: "Mwambie huyo anayeoga anipigie kwa laini yenye jina lake mwenyewe. Kesho saa kumi kuna basi la kwetu. Nikifika kwa baba na watoto, sirudi."

Hakuwa anatania. Mwanamke huyu akisema maji yamechemka, hupimi kwa kidole.

Wala fundi asingeweza kudanganya, akanunua laini ya mtu na kusema ni yake. Siku hizi wake hawahitaji mpelelezi. Unajifanya unatuma pesa kwenye namba, simu inakuandikia jina la mwenye laini kabla hujathibitisha, unasoma jina, unaghairi, na pesa yako inabaki mfukoni. Ya mpishi alishaipima hivyo hivyo. Likatoka jina la mwanamke, majina matatu, yote mazuri.

Sasa ilikuwa saa nane na nusu mchana, na mashine imemkataa fundi vidole kumi.

"Wewe kazi yako nini?" akauliza dada wa kaunta.

"Fundi wa terazo."

"Ndiyo maana. Juzi alikuja mfua nguo wa hoteli, naye hivi hivi. Saruji imekula alama zako."

Fundi akaitazama mikono yake. Miaka yote ya jiwe la kusagia, maji na tope la saruji. Vidole vilikuwa vimesuguliwa mpaka ncha zake zikawa kama mgongo wa kijiko. Hakuwahi kuona kama ni hasara. Kwao fundi mwenye vidole vyenye mistari ni fundi wa kujifunza.

"Sasa nifanyeje?"

"Kapumzishe mikono wiki mbili. Paka mafuta kila ukilala. Zitaota."

"Zitaota?"

"Alama huota. Kama kucha."

"Dada, mke wangu anapanda basi saa kumi."

"Kwani mfumo unajua basi?"

Nyuma ya fundi foleni ilikuwa imeanza kuhema. Mbele ya foleni alisimama bwana mmoja mrefu mwenye mwavuli, na nje hakukuwa na mvua wala dalili yake. Bwana huyo alikuwa na shida ndogo ya vocha, lakini alishaisahau. Shida ya mwenzake ilikuwa tamu zaidi.

"Jipanguse paji la uso," akasema mwenye mwavuli. "Lile jasho la mafuta. Kisha weka kidole. Mimi hunisaidia."

Fundi akajipangusa paji la uso, akaweka kidole. Kifaranga akalia.

"Pua. Pembeni mwa pua ndiko kwenye mafuta mengi."

Akapitisha kidole pembeni mwa pua. Kifaranga akalia tena.

"Basi wewe ni mkavu kwa asili," akasema mwenye mwavuli, kwa masikitiko ya daktari.

Mpishi naye alikuwapo. Alikuwa amekaa kwenye benchi la wateja, aproni ikiwa bado kiunoni. Alikuja naye kwa hiari yake, kwa sababu usiku mzima hakulala akifikiri kwamba amevunja ndoa ya mtu kwa kupokea simu. Sasa akainuka, akasogea kaunta, akanyoosha dole gumba.

"Msajilie kwa changu. Changu kina alama mpaka za kugawa."

"Jina litatoka lako, mama," akasema fundi.

"Jina langu lina kosa gani?"

"Jina lako ndilo lililonileta hapa."

Mpishi akarudisha dole lake, akakaa.

"Basi tumia langu," akasema mwenye mwavuli. "Mimi mwanamume. Mkeo hatakuwa na wivu."

Fundi alilifikiria hilo. Alimwona mkewe stendi, simu mkononi, anasoma jina la mwanamume asiyemjua.

"Atasema nimeua mtu nikachukua laini yake," akasema.

Dada wa kaunta akaanza kukusanya karatasi za fundi, pasi yake na kibali chake cha kazi, akazisukuma upande wake. Ile ndiyo namna ya maduka kukuambia uende zako.

"Miguu je?"

Ni mpishi aliyeuliza. Alisema kama mtu anayeuliza kama chumvi imetosha.

"Miguu imefanya nini?" akauliza dada wa kaunta.

"Hawa nawaona bombani kila jioni wakinawa. Mikono kama gome la mti, lakini miguu, mwanangu, ya mtoto mchanga. Wanashinda ndani ya mabuti ya mpira. Miguu yao haijui saruji wala jua. Ina mistari yote aliyoitia Mungu."

Duka zima likatazama mabuti ya fundi. Yalikuwa ya mpira, meusi, na yamepigwa na tope jeupe mpaka magotini.

Dada wa kaunta akageukia kompyuta yake. Akabonyeza hapa, akabonyeza pale, akakunja uso.

"Kuna sehemu moja tu inayokubali kidole cha mguu," akasema polepole. "Ni ya mteja maalumu. Mteja asiye na mikono."

"Mimi ninayo," akasema fundi, akaionyesha.

"Naiona. Lakini ili mfumo ufungue, lazima niandike huna."

Mwenye mwavuli akahamisha mwavuli kutoka mkono wa kulia kwenda wa kushoto.

Msidhani ni jambo dogo. Mtu aliyeacha shule mapema na kulishwa na mikono yake, akaoa kwa mikono yake, akajenga vyumba vitatu kwa mikono yake, leo anaulizwa kama yuko radhi iandikwe kwamba hanayo. Fundi aliitazama ile mikono. Ilikuwa pale pale kaunta, imetulia, inasubiri kusikia uamuzi.

"Ni maandishi tu?" akauliza.

"Ni maandishi tu."

"Andika sina."

Dada wa kaunta akaandika. Mikono miwili ya fundi ikaondoka duniani kwa kubonyeza mara moja.

"Vua buti," akasema.

Fundi akavua buti la kulia na soksi. Mpishi alisema kweli. Mguu ule ulikuwa mweupe kwa unyevu, laini, hauna kosa. Hata dada wa kaunta aliutazama mara ya pili.

Taabu ikawa waya. Waya wa kimashine ulikuwa mfupi, na kaunta ilikuwa ya kufika kifuani. Haukushuka chini. Ilibidi mguu upande juu.

"Nishike," fundi akamwambia mwenye mwavuli.

Mwenye mwavuli akamshika makwapa kutoka nyuma. Mpishi akashika kisigino. Wakahesabu, wakanyanyua, na mguu wa fundi ukatua juu ya kaunta kati ya kikombe cha kalamu na bango la ofa za mwezi. Mpishi akapangusa dole kubwa kwa pindo la aproni.

"Weka. Usibonyeze kama unaua kunguni," akakumbusha dada wa kaunta.

Dole likashuka.

Taa ikawaka kijani.

Foleni yote ikasema "Aaa!" Mtu mmoja nyuma akapiga makofi. Na mlango wa duka ukafunguliwa.

Aliyeingia ni Msimamizi wa jengo, mtu mfupi mwenye kofia ngumu ya njano, ambaye hacheki mpaka mwisho wa mwezi, na siku hiyo hucheka kwa sababu amekata watu mishahara. Akamtazama fundi wake, aliyekuwa amening'inia mikononi mwa mtu asiyejulikana, mguu mtupu juu ya kaunta, mpishi wa kambi ameshika kisigino.

"Nilikupa ruhusa ukanunue laini," akasema. "Sikukupa ruhusa ya kwenda kukatwa kucha."

"Nimemaliza, bosi."

"Hujaanza. Yule mwenzako uliyemwachia mashine ya kusagia katoka nje kuvuta sigara. Mashine kaiacha inazunguka mahali pamoja. Ukumbi wa mbele una shimo."

"Kubwa?"

"Kama karai."

Fundi akashusha mguu. Ule ukumbi ndio aliousaga kwa wiki tatu. Ulikuwa umefika mahali ambapo ukiinama unaona meno yako.

"Mwenye jengo anakuja kesho asubuhi kukagua," akaendelea Msimamizi. "Unarudi na mimi sasa hivi, unachanganya saruji na kokoto za rangi ile ile, unaziba, na usiku unasaga. Gari liko nje."

Saa ya ukutani ilikuwa saa tisa na dakika kumi. Laini ilikuwa bado haijawaka. Dada wa kaunta alikuwa anaitia kwenye simu ya fundi, ile simu yake ya vitufe yenye tochi, na mtandao ulikuwa unazunguka kama mbwa anayetafuta pa kulala.

"Bosi, nipe mpaka saa kumi. Nikishaongea na mama watoto, nitaziba hilo shimo kwa ulimi ukitaka."

"Saa kumi nitakuwa na fundi mwingine."

"Ni ndoa yangu, bosi."

"Na ule ni ukumbi wangu."

Waswahili wamesema mbio za sakafuni huishia ukingoni. Fundi Msasa amekimbia kwenye sakafu za watu maisha yake yote, na ukingo aliuona pale pale, kati ya kofia ya njano na simu ya tochi. Hakufikiri sana. Wanaofikiri sana hufika stendi basi limeondoka.

"Nenda, bosi. Mimi nabaki."

Msimamizi hakubisha. Watu wasiobisha ndio wabaya. Alisoma kwanza maandishi yaliyokuwa kwenye kioo cha kompyuta, akayasoma tena, midomo ikitikisika.

"Hana mikono," akasema. "Basi kumbe nimepata hasara ndogo."

Akatoka. Gari likasikika likiondoka.

Simu ya fundi ikatetemeka. "Karibu, mteja wetu mpendwa." Na chini yake jina lake, lote, kama lilivyo kwenye pasi, mpaka la babu yake.

Fundi akanunua vocha, akakwangua kwa meno kwa sababu vidole visivyo na ncha havikwangui, akaweka salio, akapiga.

Ikaita mara mbili. Ikakatwa.

Akapiga tena. Ikakatwa kabla haijaita vizuri.

"Anakata," akawaambia watu wa foleni, ambao sasa walikuwa ndugu.

"Usipige mara ya tatu," akasema mwanamke mmoja mwenye mtoto mgongoni. "Mwache apime jina."

Wakasubiri. Dada wa kaunta aliacha kuhudumia. Fundi alisimama mguu mmoja ndani ya buti, mwingine juu ya vigae, simu kifuani. Huko stendi ya mbali, mwanamke alikuwa anajifanya anatuma pesa kwenda nchi ya watu.

Simu ikaita mara moja, ikanyamaza.

"Kabipu!" likasema duka zima.

Fundi akapiga. Ikapokelewa.

"Nimeona jina," akasema mkewe. Nyuma yake palikuwa na honi na mtu anayenadi maji ya chupa.

"Ni langu?"

"Ni lako. Lote."

"Nilikuambia."

"Hukuniambia kitu. Ulikuwa unaoga."

"Mama watoto, yule aliyepokea ni mpishi wetu wa kambi. Mtu mzima. Anaweza kunizaa."

"Ile sauti inaweza kukuzaa?"

"Haki ya Mungu."

Mkewe akanyamaza kidogo. Fundi alizijua namna zake zote za kunyamaza. Hii ilikuwa ile ya kuelekea kukubali.

"Umekonda?" akauliza mkewe.

"Kidogo."

"Wanakulisha nini?"

"Chochote kinachoiva."

"Watoto wamekalia mabegi hapa. Mdogo ananiuliza kama baba amegeuka simu." Sauti yake ikashuka. "Mimi sikutaka kwenda kwetu, baba watoto. Lakini ningekaa vipi? Jirani anakuja kila siku kuniuliza habari zako ili akazieneze. Nikamwambia mume wangu hajambo, na mimi mwenyewe sijui kama yu hai."

"Niko hai. Fungua mabegi. Rudi nyumbani."

"Nirudi?"

"Rudi, mke wangu."

Yalikuwa yamekwisha. Kila mtu dukani aliona kwamba yamekwisha. Mwanamke mwenye mtoto alishaanza kufuta machozi. Na mpishi, ambaye furaha ilikuwa imemjaa mpaka shingoni, akaona mguu wa fundi uko wazi juu ya vigae vya baridi, akasogea, na kwa ile sauti yake ya bibi harusi akasema:

"Vaa basi, fundi. Utapata baridi."

Honi ya stendi ikalia mara moja, ndefu.

"Avae nini?" akauliza mkewe.

"Buti."

"Buti gani?"

"La mguuni. Nililivua ili nisajili laini, maana mimi sina mik—"

Salio likaisha.

Simu za nje hula vocha kama moto wa nyasi. Fundi aliitazama simu. Kisha akamtazama mpishi. Mpishi alikuwa ameziba mdomo kwa aproni, macho tu yako nje.

"Nipe vocha nyingine," fundi akasema.

Saa tisa na dakika arobaini. Akakwangua, akaingiza namba. Simu ikajibu: "Laini hii imesimamishwa kwa uhakiki. Tafadhali subiri kupigiwa."

"Uhakiki wa nini?"

Dada wa kaunta alikuwa ameshapauka. "Wateja maalumu huhakikiwa. Makao makuu wanapiga. Usipojibu vizuri wanaifuta."

Simu ya kaunta ikaita pale pale. Dada wa kaunta akapokea, akasema ndiyo mara tatu, akamnyooshea fundi chombo cha simu. Fundi akanyoosha mkono, kisha akaurudisha. Si mtu wa kudanganya. Alimwashiria mpishi amshikie sikioni, na yeye akaiweka mikono nyuma.

"Mteja mpendwa," ikasema sauti ya bwana mmoja mwenye usingizi, "usajili wako unasema huna mikono. Ni kweli?"

"Ndivyo ilivyoandikwa."

"Nani ameshika simu sasa hivi?"

"Mpishi."

Kalamu ikasikika ikiandika. "Mikono yako ilipotelea wapi?"

Fundi akafikiri. "Kazini," akasema. "Kidogo kidogo."

"Pole sana."

"Nimeshapoa."

"Una mtu wa kukusaidia nyumbani?"

"Ndiye ninayejaribu kumpigia."

Sasa sauti ya yule bwana ilikuwa imepungua usingizi. "Laini yako iko wazi, ndugu yangu. Mungu akupe nguvu."

Saa kumi kasoro dakika mbili. Fundi akapiga. Namba unayopiga kwa sasa haipatikani. Akapiga tena. Haipatikani. Mwenye mwavuli akamwambia asogee dirishani, akasogea dirishani. Akamwambia anyanyue simu juu, akainyanyua. Saa kumi ikapita ukutani bila kupiga kelele yoyote, kama mtu anayetoka msibani mapema.

Mpishi akaanza kulia. "Mimi na mdomo wangu," akasema. "Mimi na mdomo wangu."

"Si wewe, mama," akasema fundi.

"Ni mimi. Kuanzia leo mtu akiniuliza jina langu simjibu."

Saa kumi na robo simu ikaita. Iliita kwa uhakika, haikuwa ya kubipu. Mkewe alikuwa amepiga kwa salio lake mwenyewe, kitu ambacho hakuwahi kufanya tangu walipooana.

Nyuma yake palikuwa na ngurumo ya injini.

"Uko ndani ya basi," akasema fundi.

"Niko ndani ya basi."

"Shuka."

"Limeshatoka stendi."

"Mwambie dereva asimame. Mama watoto, nakuomba. Jina umeliona ni langu. Usiende kwenu."

"Nani kakuambia naenda kwetu?"

Fundi akashika kingo za dirisha.

"Kulikuwa na mabasi mawili saa kumi," akasema mkewe, kwa utulivu wa mtu anayepanga vyombo. "La kwetu na la huko. Nilikuwa na tiketi ya kwetu. Nimeibadilisha. Watoto wamelala tayari. Tunavuka mpaka usiku, tunafika huko saa tatu asubuhi. Nakuja kuliona hilo buti."

"Lakini unajua—"

"Najua kambi. Mpishi wako aliniambia jana nilipomuuliza napiga wapi, kabla hajasema unaoga. Usije stendi. Kaa hapo hapo unapokaa siku zote. Nikukute ulivyo."

Akakata.

Dukani hakuna aliyeuliza, maana ile simu ya tochi inasikika mpaka barabarani. Mwanamke mwenye mtoto alikuwa wa kwanza kusema.

"Anakuja," akasema. "Huyo anakupenda."

"Au anakuja kuua," akasema mwenye mwavuli. "Nauli ni ile ile."

Fundi akavaa soksi. Akavaa buti. Alikuwa anaunganisha mambo taratibu, kama mtu anayepanga kokoto. Mkewe anakuja kambini. Kambini analala mfanyakazi wa jengo. Yeye si mfanyakazi wa jengo tangu saa tisa na dakika kumi. Kitanda chake sasa hivi kinatandikwa kwa ajili ya fundi mwingine, na mkewe atafika saa tatu, atagonga, na atakayemfungulia mlango ni mpishi.

"Nitaongea na Msimamizi," akasema mpishi, kama aliyesikia mawazo yake. "Hilo shimo halina mwingine wa kuliziba. Hiyo rangi ya kokoto unaijua wewe tu. Atakurudisha. Akikukatalia, kesho hali."

Kwa mara ya kwanza siku hiyo fundi alikaribia kutabasamu. Lilikuwa neno la kweli. Aende sasa hivi, azibe usiku, asage mpaka alfajiri, na saa tatu mkewe amkute kazini kama mwanamume.

Akageuka kuondoka. Simu ikatetemeka mfukoni.

Alidhani ni mkewe. Haikuwa mkewe. Ilikuwa laini mpya, yenye umri wa saa moja tu, na tayari kuna mtu anayeijua.

Akampa dada wa kaunta amsomee, maana maandishi yalikuwa madogo. Dada wa kaunta akasoma kwa sauti, na kadiri alivyosoma sauti ilikuwa inapungua.

"Ofisi ya Vibali vya Wageni. Kibali chako kinasema wewe ni fundi wa sakafu. Usajili wa laini yako unasema huna mikono. Kibali kimesimamishwa. Usifanye kazi yoyote. Fika ofisini kesho saa tatu asubuhi, na mikono yako, kama unayo."

Mpishi akauliza kama inawezekana kuandika upya. Dada wa kaunta akasema inawezekana, ila laini inafutwa, na namba inafutwa, na jina nalo.

Fundi akairudisha simu mfukoni bila kufuta kitu.

Basi hesabu ya laini moja ndiyo hii. Vocha mbili, ya pili haikutumika. Kazi moja. Kitanda kimoja cha juu, karibu na dirisha. Ukumbi wa wiki tatu, wenye shimo la karai. Mikono miwili, ipo mwilini, haipo serikalini. Kibali kimoja.

Mke hajahesabiwa. Anafika saa tatu.